Kinyonga Anayefumba Macho Mchana: Mwongozo Kamili wa Macho na Vitamini kwa Wafugaji wa Unguja na Pemba

Kinyonga mwenye afya hafumbi macho jua likiwa juu. Hasinzii mchana kama paka, wala hapumzishi jicho moja huku lingine likiangalia. Ukimkuta saa nne asubuhi ameganda kwenye kijiti, jicho moja au yote mawili yamefungwa, huyo ni mgonjwa. Na pengine alianza kuumwa siku nyingi zilizopita, kwa kuwa mnyama huyu huficha udhaifu wake mpaka nguvu zimwishie.

Wengi wetu tukiona hivyo hukimbilia mambo mawili: dawa ya macho ya matone kutoka duka la dawa, au vitamini A iliyobaki ya mtoto. Mara nyingi yote mawili humzidishia maradhi. Kiu, lishe mbovu, uhaba wa jua, taa mbaya, minyoo, jeraha: yote haya kwa kinyonga hujitokeza kwenye jicho. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kutafuta chanzo. Vitamini zitakuja baadaye, tena kwa kiasi kidogo kuliko unavyodhani.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Kinyonga wetu wa kawaida, yule mwenye vijikunjo vya ngozi nyuma ya kichwa, kwa jina la kisayansi Chamaeleo dilepis, yumo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Usimtoe msituni ili umfanye pambo la nyumba. Ukimwokota aliyepigwa mawe na watoto, au aliyeangushwa mti ulipokatwa, pita Idara ya Misitu uulize kuhusu kibali kabla hujamweka kwako. Watu wanamwogopa sana kinyonga visiwani mwetu, kwa hiyo wanaoletwa majumbani mara nyingi wamekwisha kuumizwa.

Hatua ya kwanza: lijue jicho zima

Jicho la kinyonga limefunikwa na kope nene zilizoungana, zikaacha tundu dogo katikati kwa ajili ya mboni. Jicho zima ni la mviringo, limejaa, linazunguka bila kukoma, na kila moja huangalia upande wake. Anapotaka kurusha ulimi, yote mawili huelekezwa mbele kwa windo.

Kuna tabia moja inayowatisha wafugaji wapya bure. Jioni, karibu na kulala, kinyonga huweza kulivimbisha jicho likatokeza kama linataka kudondoka, akalizungusha ndani ya kope, akalisugua kwenye kijiti. Anajisafisha. Ikiisha ndani ya dakika chache na jicho likarudi kama lilivyokuwa, usiguse kitu. Akirudia mara nyingi kwa siku, au akilisugua jicho lile lile siku mbili mfululizo, ndani mna kitu.

Mwangalie usiku pia, kwa tochi hafifu na kwa muda mfupi. Aliyelala vizuri hufumba macho yote na rangi yake hupauka. Anayelala macho wazi, au anayefumba jua likiwa bado halijazama, muweke kwenye uangalizi. Mpime na uzito kila wiki kwa mizani ndogo ya kielektroniki ya jikoni, ile inayosoma gramu, na uandike kwenye daftari. Mnyama huyu ni mdogo, kwa hiyo akipungua gramu chache tu si jambo dogo.

Hatua ya pili: tafuta chanzo kwa dalili

Macho yaliyobonyea ndani, ngozi iliyolegea, na ile sehemu ya kinyesi ambayo hutakiwa kuwa nyeupe ikageuka manjano iliyokolea au rangi ya chungwa: hiyo ni kiu. Kinyonga hatambui maji ya bakuli. Hunywa matone yanayotiririka kwenye majani, basi. Anaweza kufa kwa kiu kando ya bakuli lililojaa. Wakati wa kaskazi, joto linapokuwa kali na kizimba kikiwa barazani penye upepo, hili ndilo la kwanza kulishuku.

Jicho moja limevimba na lingine halina tatizo: fikiria kitu kilichoingia, jeraha au uambukizo. Kipande cha ngozi ya kujivua kinaweza kubaki ndani ya kope. Vumbi la saruji kutoka ujenzi wa jirani linaweza kuingia. Nyenje walioachwa kizimbani usiku humng'ata aliyelala, na chungu wa maji moto nao ni hatari zaidi. Ukikata tawi la mwembe au mkarafuu kwa ajili ya kizimba, likague jani kwa jani kisha lioshe, maana viota vya maji moto hushonwa kwa majani hayo hayo.

Tena usitarajie usaha wa majimaji. Usaha wa reptilia (jamii ya kinyonga, mjusi na nyoka) huganda ukawa mgumu, kama jibini kavu. Kwa hiyo uvimbe wa kope ukiwa mgumu ukiugusa, humo ndani kuna donge ambalo matone ya dawa hayawezi kuliyeyusha. Daktari ndiye wa kulitoa. Angalia na kinywa: uozo wa fizi huweza kupanda hadi kwenye jicho.

Macho yote mawili yanafumbwa muda mfupi baada ya taa kuwashwa, na yanafunguka akipelekwa kivulini: shuku taa. Miaka ya 2000 baadhi ya balbu zilizojikunja za UVB (mionzi ya jua isiyoonekana, inayomwezesha kutengeneza vitamini D) ziligundulika kutoa mionzi mifupi mno iliyounguza macho ya reptilia. Za aina hiyo bado huuzwa kwa bei nafuu mtandaoni. Zima taa, mpe jua la asubuhi, umtazame siku tatu au nne. Ikiwa taa ndiyo mkosaji, utaona nafuu ndani ya siku hizo.

Halafu kuna sura ya upungufu wa vitamini A, na hii huja polepole. Kope za macho yote mawili zinavimba, au moja inatangulia na nyingine inafuata. Ngozi haivuki vizuri, inabaki vipande vipande. Ulimi unafika nusu ya safari au unakosa shabaha. Kwenye pembe ya mdomo panajaa uchafu wa nta unaonuka. Dume anaweza kuziba kwenye viungo vyake vya uzazi, chini ya mkia. Sababu yake ni kwamba bila vitamini A, utando laini uliotanda ndani ya macho, njia ya hewa na mifereji ya machozi hugeuka mkavu na mgumu, ukajiziba wenyewe, kisha vijidudu vikapata pa kukaa. Ndiyo maana mtu humtibu uambukizo wa jicho, ukapona, na mwezi unaofuata ukarudi.

Dalili mbili au tatu kati ya hizo zikikutana kwa kinyonga ambaye kwa miezi amekula wadudu watupu bila nyongeza yoyote, nadhani una jibu lako. Dalili moja pekee haitoshi.

Hatua ya tatu: maji kwanza, kwa siku tatu

Hata chanzo kikiwa bado hakijajulikana, maji safi ni tiba isiyodhuru. Mpeleke bafuni, umuweke juu ya mmea wa chungu, kisha rusha maji ya uvuguvugu ukutani ili yamrudie kama manyunyu. Usimwelekezee bomba usoni. Dakika 10 hadi 15, asubuhi, kwa siku tatu. Utamwona anaanza kuzungusha macho na kuyavimbisha: anajiosha mwenyewe vizuri kuliko vile ambavyo mkono wako ungemwosha. Mara nyingi kipande cha ngozi au chembe ya vumbi hutoka hapo hapo.

Tumia maji ya kunywa. Visima vingi vya pwani ni vya maji ya magadi au chumvi, na maji ya ardhi ya mawe ya matumbawe huacha chokaa nyeupe kwenye majani na kwenye kope pia. Maji ya bahari usiyafikirie kabisa.

Uvimbe ukiendelea, nunua chupa ya maji ya chumvi ya dripu, yale ya asilimia 0.9. Yapashe joto kwa kuishika chupa mkononi. Mwache kinyonga akiwa ameshika kijiti chake, udondoshe matone mawili au matatu kwenye tundu la kope kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mara mbili kwa siku inatosha. Usiifungue kope kwa vidole, na usiingize pamba, kijiti wala ukucha.

Kuhusu dawa za macho za binadamu, nasema kwa mkazo: soma maandishi ya pakiti. Ikiwa na deksamethasoni, haidrokotisoni au prednisoloni, hiyo ina steroidi. Jicho lenye kidonda kwenye konea (ule utando wazi wa mbele ya jicho) likipakwa steroidi, kidonda huchimba na jicho hupotea. Mafuta ya tetrasaiklini yanapatikana kila duka la dawa na hayana steroidi, lakini nayo yasubiri neno la daktari, kwani yakitumika bila sababu huziba tundu la kope na kushika vumbi.

Hatua ya nne: vitamini, na hapa tulia

Wadudu karibu wote wanaofugwa au kukamatwa kwa chakula hawana vitamini A ya kutosha, na kalsiamu yao ni ndogo mno ikilinganishwa na fosforasi. Porini kinyonga hufidia kwa kula wadudu wa aina nyingi waliokula majani ya aina nyingi, na kwa kukaa juani kutwa nzima. Kizimbani hayo hayapo, kwa hiyo unaziba pengo kwa mikono mitatu: chakula cha mdudu, unga wa kalsiamu, na unga wa vitamini.

Chakula cha mdudu ndicho kinachodharauliwa zaidi na ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu vifaa vyote viko sokoni Mwanakwerekwe au Chake Chake. Nyenje na panzi wako walishe siku moja au mbili kabla ya kuwatoa: boga, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, papai, embe, na zaidi ya yote majani ya mlonge, yenye kalsiamu na karotini kwa wingi. Mchicha na matembele wape kwa nadra, kwani vina oksaleti inayofunga kalsiamu. Kisamvu kibichi usiwape kabisa, kina sumu ya sianidi. Osha kila kitu, maana mboga za sokoni huweza kuwa na mabaki ya dawa za shamba.

Usikamate mende wa nyumbani. Zanzibar ilianza kupulizia nyumba dawa ya ukutani dhidi ya malaria mwaka 2006, na majumbani watu wanaongeza dawa zao za kopo. Mdudu aliyegusa dawa hiyo anampelekea kinyonga sumu moja kwa moja. Panzi wa nyasi za mbali na mashamba yanayopigwa dawa ni salama zaidi. Kumbikumbi wa mvua wape wachache, kama kitoweo cha msimu tu.

Kalsiamu tupu, isiyo na fosforasi wala vitamini D3, ndiyo ya kila siku. Kinyonga mchanga hupewa kila mlo, mkubwa karibu kila mlo. Ukikosa ya dukani, gamba jeupe jepesi la dome, lile linalotupwa na bahari ufukweni, linafaa. Liloweke kwenye maji safi siku mbili tatu ukibadilisha maji ili chumvi itoke, likaushe juani, lisage hadi liwe laini kabisa, kisha ulichekeche kwa kitambaa. Ganda la yai lililochemshwa na kusagwa nalo ni kalsiamu nzuri. Chenga zisibaki, zitamkwaruza.

Upakaji ni rahisi. Weka wadudu wa mlo mmoja kwenye kikombe, tia unga wa ncha ya kijiko, tikisa kidogo. Mdudu aonekane na vumbi jepesi tu. Akiwa mweupe kama andazi lililogaragazwa kwenye unga, umezidisha, na unga ule ule utamwingia kinyonga machoni anapomtafuna.

Sasa vitamini A yenyewe. Mbuzi na kuku hugeuza karotini ya majani kuwa vitamini A mwilini mwao. Kwa kinyonga uwezo huo si wa kutegemewa. Kwa hiyo multivitamini (ule unga wa vitamini mchanganyiko) unayonunua iwe na vitamini A iliyokamilika, inayoandikwa retinoli, au retinyl acetate au retinyl palmitate kwenye kopo. Ikiandikwa beta carotene peke yake, haitoshi. Unga wa namna hii wa reptilia ni nadra madukani kwetu. Wengi huagiza kupitia Dar es Salaam. Mpake mdudu mara mbili kwa mwezi, basi. Kopo likishafunguliwa lifungwe vizuri, likae pakavu na penye giza, na baada ya miezi sita libadilishwe. Joto, mwanga na unyevu wa hapa kwetu huiua vitamini A upesi.

Kwa nini mara mbili tu? Vitamini A huyeyuka kwenye mafuta na kulundikana kwenye ini, haitoki kwa mkojo. Ikizidi, ngozi huchubuka na kumenyuka, ini huumia, na kazi ya vitamini D huvurugika mpaka mifupa ikalainika. Utafiti uliochapishwa 2010 kuhusu watoto wa kinyonga wa Yemeni ulionyesha kwamba mifupa yao hulindwa vizuri pale UVB, kalsiamu, vitamini A na D3 vinapokwenda pamoja. Ukizidisha kimoja, umekivuruga kingine.

Hapo ndipo kwenye hatari ya zile kapsuli za watoto. Kapsuli ya bluu ina IU (vipimo vya kimataifa vya vitamini) 100,000 na nyekundu ina IU 200,000, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mara moja kila miezi sita. Piga hesabu: mtoto wa kilo 10 ana uzito mara 200 wa kinyonga wa gramu 50. Ukimkamulia kinyonga kapsuli nzima, umempa mara 200 ya kipimo cha mtoto kwa kila gramu ya mwili. Hata tone moja ni nyingi mno. Mafuta ya ini la papa, ile sifa inayopakwa majahazi, nayo ina vitamini A kwa kiasi usichoweza kukipima, na kwa kawaida imekwisha kuoza. Unga wa vitamini za kuku umetengenezwa kuyeyushwa kwenye lita nyingi za maji. Ukimpakia mdudu mkavu, kipimo hakijulikani. Achana na vyote vitatu.

Ikiwa dalili zinaonyesha upungufu mkubwa, tiba ni retinoli ya kumeza kwa kipimo kilichohesabiwa kwa uzito, inayorudiwa baada ya siku kadhaa, si kila siku. Hesabu hiyo ni ya daktari. Wewe mpe uzito sahihi wa gramu. Sindano ya vitamini A ikizidi kidogo tu huleta madhara makali zaidi kuliko ya kumeza, kwa hiyo uliza kama ya kumeza inawezekana.

Hatua ya tano: jua

Tuko nyuzi tano hadi sita kusini mwa ikweta, jua tunalo. Mpe nusu saa hadi saa moja kabla ya saa nne asubuhi, kwenye kizimba cha wavu chenye upande wa kivuli, na mtu awe karibu kwa ajili ya kunguru na paka. Kioo huzuia UVB, kwa hiyo kumweka dirishani hakumsaidii, na kizimba cha kioo juani humchoma. Anayepata jua hivi mara nne au tano kwa wiki hahitaji D3 nyingine zaidi ya ile iliyo kwenye multivitamini. Wakati wa masika mawingu yakishika wiki nzima, kalsiamu yenye D3 mara mbili kwa mwezi inaziba pengo.

Hatua ya sita: daktari, na kumlisha asiyeona

Usingoje siku ya nne ikiwa macho yote yamefungwa, kama ameacha kula, kama kope ni ngumu, kama kuna damu, au kama konea inaonekana ya ukungu. Madaktari wa mifugo visiwani wamezoea ng'ombe, mbuzi, kuku, punda na paka, na si kosa lao. Msaidie daktari kwa kwenda na daftari la uzito, picha za macho za kila siku, video ya anavyorusha ulimi, kopo la vitamini unalotumia, na kinyesi cha siku hiyo kwenye kichupa safi ili kipimwe minyoo. Kinyonga wa porini karibu kila mara anao. Muombe aangalie konea kwa rangi ya fluoresini, ile inayoonyesha kidonda. Akitaka kushauriana, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kinafundisha udaktari wa mifugo.

Kinyonga asiyeona hali kwa sababu halioni windo, si kwa sababu hana njaa. Mguse taratibu mdomoni kwa panzi laini aliyeondolewa miguu ya nyuma; wengi hufunua kinywa kwa hasira, hapo umuweke mdudu mbele kabisa ya kinywa na umwache atafune. Maji yadondoshwe juu ya ncha ya pua, si ndani ya matundu, kidogo kidogo, atayalamba. Usimlazimishe kumeza maji kwa bomba, yakiingia kwenye njia ya hewa atakufa. Mwenye jicho moja huweza kulenga vibaya, mpe wadudu ndani ya kikombe kimoja kisichohamishwa. Osha mikono kwa sabuni kila ukimaliza, hasa kama nyumbani mna mtoto mchanga, kwa sababu reptilia hubeba vijidudu vya salmonela bila wenyewe kuumwa.

Kope zilizovimba kwa ukosefu wa vitamini A huchukua wiki kadhaa kurudi. Dalili ya kwanza ya nafuu kwa kawaida ni macho kubaki wazi saa nzima asubuhi, kisha mchana wote. Ulimi hufuata nyuma, na pengine haurudi kwenye urefu wake wa zamani. Aliyeokotwa porini akishaona kwa macho yote mawili, akawinda mwenyewe wiki mbili na uzito ukapanda, mrudishe asubuhi kwenye kichaka kile kile alikotoka, si kwenye bustani iliyo karibu nawe. Aliyebaki kipofu kabisa hataishi huko. Huyo urudi naye Idara ya Misitu, uwaeleze hali yake, ili kibali cha kuendelea kumtunza kiandikwe kwa jina lako.